Jeki za gari la porini: ipi ya kununua, na jinsi ya kuinua bila gari kuanguka (Hardtop, Prado, Hilux, Defender)

Njia_ya_Vumbi

Wakuu salaam. Gari ni Land Cruiser 78, hardtop, tairi 7.50R16, kazi yake Loliondo, Natron na Ndutu wakati wa masika. Ina jeki ya skrubu iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Mwenye gari anataka inunuliwe hailifti (ile jeki ndefu ya reli), basi. Dereva anataka jeki ya chupa (ya haidroliki) ya tani 10, anasema hailifti ni ya kuua watu. Bajeti inatosha kitu kimoja kizuri au viwili vya kawaida. Mnashauri nini?

Fundi_Ekseli

Mkuu, hao wawili wanabishana juu ya tani na urefu, wakati gari likidondoka sababu huwa ni mbili: chini ya jeki pamezama, au kichwa cha jeki kimeteleza. Anzia hapo, jina la jeki litakuja lenyewe.

Chukua hesabu ya kona moja. Hardtop yenye watu, mafuta na mizigo inafika tani 3, na kona ya nyuma inaweza kubeba kilo 900. Kitako cha jeki ya chupa ya kawaida ni kama sm 10 kwa 11, yaani sm za mraba 110. Gawanya: kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba. Udongo mweusi wa mbuga ukishanyeshewa haubebi hiyo, jeki itazama wima huku wewe unapampu na gari liko palepale. Weka chini yake ubao wa sm 40 kwa 40 ambao haupindi, mzigo uleule unashuka hadi kilo 0.56 kwa sentimita. Hiyo ni karibu sawa na mtu mzima aliyesimama kwa mguu mmoja. Kwa hiyo kabla ya jeki yoyote, kata ubao. Mninga au mkongo wa unene wa sm 4 hadi 5 unafaa. Plaiwudi ya mm 18 peke yake inapinda katikati, na ikipinda ule upana wote umepotea. Gundisha mbili pamoja, uzibane kwa skrubu. Juu yake pigilia kipande cha bati nene la mm 3 au 4 ili kitako cha jeki kisiume mbao, na vipande vidogo vya mbao pembeni kama fremu, jeki isiteleze ubao ukilala upande.

Mawe na tofali msitumie. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila dalili, na jiwe linazunguka. Mbao ikilemewa inalia kwanza.

Sasa urefu, na hapa dereva wako ndipo atakwama. Tairi la 7.50R16 lenye upepo linaweka chini ya bomba la ekseli kwenye sm 32 hivi kutoka ardhini. Likiisha upepo kabisa, rimu inakaa juu ya mpira uliokunjamana na pale chini panabaki kama sm 18. Jeki nyingi za chupa za tani 10 zikiwa zimefungwa hazipungui sm 20. Haiingii! Na ikiwa tairi limezama kidogo kwenye mchanga ndiyo kabisa. Kisha ili kuvalisha spea yenye upepo unahitaji bomba la ekseli lifike sm 35 au 36. Maana yake jeki yako ianze chini ya sm 18 na ifike juu ya 36, ubao nao umeshakula sm 4. Jeki ya chupa ya hatua mbili, ile yenye bomba ndani ya bomba, ya tani 4 hadi 6, inakufaa kuliko ya tani 10. Ukienda dukani nenda na futi, upime imefungwa na imefunguliwa, usisome tani zilizoandikwa ubavuni.

Ujanja mmoja: tairi likiwa na pancha, sogeza gari taratibu lipande juu ya kipande cha ubao cha sm 5, ndipo upige jeki. Umepata nafasi bila kuchimba.

Jeki ya skrubu ya kiwandani usiitupe. Haina mafuta ya kuvuja, haishuki yenyewe, na kichwa chake kina umbo la kukumbatia bomba la ekseli. Ya chupa ya dukani ina kichwa bapa cha mviringo, na bomba la ekseli ni mviringo pia. Viwili hivyo vikikutana vinataka kuachana. Tengenezesha kofia ya chuma yenye mkato wa V inayovaa juu ya kile kichwa, iwe ya kuvua na kuvaa. Usichomelee kwenye shina la jeki lenyewe, joto linaharibu sili.

Kabari_Mbili

Nikiwa huku Kenya naongeza jambo ambalo madereva wengi hawalijui, na ndilo linalofanya gari kutembea likiwa juu ya jeki.

Land Rover za Series na Defender, handibreki yake haishiki magurudumu. Inashika shafti ya nyuma pale inapotoka kwenye gia-boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke kinyume, na lile lililobaki chini linaviringika. Handibreki umeivuta mpaka mwisho, gari linaondoka. Dawa kwa Defender: funga difu ya katikati kabla ya kuzima, uhakikishe imeingia, ili shafti ya mbele nayo ishikwe. Halafu kabari.

Kwa Land Cruiser 70 handibreki iko kwenye magurudumu ya nyuma yenyewe, hiyo afadhali. Lakini ukiinua la nyuma, limebaki moja tu linaloshika. Na wale wanaotegemea gia: gari likiwa 2H (linavuta kwa magurudumu ya nyuma tu), gia ya kwanza inashika shafti ya nyuma peke yake, tatizo lilelile la difu linarudi. Weka 4L (magurudumu yote manne, gia nzito), gia ya kwanza, injini imezimwa. Na ikiwa magurudumu ya mbele yana hab za kuzungusha kwa mkono, zungusheni zote mbili kwenye LOCK. Zikiwa FREE, magurudumu ya mbele hayajaungana na chochote hata kama mkono wa gia unasema 4L.

Gari la otomatiki: P haina maana yoyote ikiwa gia-boksi ndogo iko N (nyutro). Hilo linatokea sana mtu akitoka kwenye tope akabadilisha gia katikati ya purukushani.

Kabari ziwe mbili kwa uchache, mbele na nyuma ya gurudumu lililo upande wa pili kwa mshazari. Kwenye mteremko kaza zaidi upande wa bondeni, magurudumu mawili.

Mchanga_wa_Ruaha

Hoja ya dereva kwamba hailifti inaua mmeiruka. Naomba mtu aeleze hasa inaua vipi, maana kila mtu anasema tu "ni hatari".

Fundi_Ekseli

Sawa. Hailifti, hiyo ambayo wazee wa safari huita jeki ya Tanganyika, ni reli ya chuma yenye matundu, na kichwa kinachopanda kwa pini mbili zinazopokezana. Pini moja inabeba, nyingine inahamia tundu linalofuata. Ya inchi 48 ina uzito wa kilo 13 au 14, inaanza kuinua kwenye sm 11 hadi 12, na uwezo wake unazunguka kilo 2,100. Hatari zake ni tatu na hazifanani.

Ya kwanza ni mpini. Wakati wa kupandisha, wewe ndiye unaubonyeza mpini chini. Wakati wa kushusha, mzigo wa gari ndio unaousukuma mpini juu, nawe unauzuia. Ukikuponyoka unaruka kwa nguvu za gari zima na kidevu chako kiko njiani. Na hauishii hapo: unaweza kuendelea kupiga juu na chini wenyewe mpaka gari lifike chini. Ukikuponyoka rudi nyuma, uuache. Usijaribu kuudaka, hapo ndipo mikono inapovunjika.

Utaratibu: simama ubavuni, kichwa kikiwa nje ya mstari wa mpini, mikono miwili, viganja vikavu bila grisi. Mpini ukiwa wima umegusana na reli, ndipo unageuza ulimi wa kupanda au kushuka. Kamwe usiguse ulimi huo mpini ukiwa chini au katikati. Kila pigo lifike mwisho na usikie pini imeingia tundu. Mpini usiuache umelala unapokwenda kuchukua spea, urudishe wima na uubane kwa klipu yake. Mtu akipita akaugonga kwa paja, mengine mtayasikia wenyewe.

Ya pili: haisimami yenyewe. Kitako chake ni kama sm 10 kwa 18 na reli ni ya zaidi ya mita. Gari likipanda upande mmoja, bampa halipandi wima, linakwenda kwa upinde kuelekea magurudumu yaliyobaki chini, na reli inainama nalo. Ukiona reli imeanza kulala, usiendelee kwa tamaa ya pigo mbili za mwisho. Shusha, panga upya.

Ya tatu ni springi. Hailifti inashika bampa au chesisi, ekseli inabaki chini. Utainua mwili wa hardtop sm 10 hadi 15 gurudumu halijaondoka ardhini, kwa sababu springi zinanyooka kwanza. Umeshaliweka gari juu, limepepesuka, na kazi haijaanza. Kabla ya kuinua, funga mnyororo au mkanda wa racheti kati ya chesisi na ekseli ya upande huo, uukaze. Sasa ekseli inapanda pamoja na mwili. Kuna pia kulabu za kushika rimu yenyewe, ni nzuri sana kwa kutoa gurudumu lililozama ili uingize mbao chini yake, ila kwa kubadilisha tairi hazisaidii kwani umeshika hilohilo unalotaka kulitoa.

Na hesabu: ukiinua katikati ya bampa la nyuma, unabeba karibu mzigo wote wa ekseli ya nyuma. Hardtop iliyojaa hapo inakaribia kilo 1,900. Uwezo wa jeki ni 2,100. Umebaki na nafasi ndogo mno, shusha mizigo na abiria kwanza. Abiria hushuka hata kama ni mvua.

Mchanga_wa_Ruaha

Asante mkuu, sasa nimeelewa. Kwa hiyo jibu ni kwamba haifai?

Fundi_Ekseli

Inafaa kwa kazi zake: kuinua gurudumu lililozama kwenye tope ambako huwezi kulala chini kuingiza jeki ya chupa, kuvuta, kubana, kupanua. Kwa pancha ya kawaida kwenye ardhi ngumu ni jeki ya mwisho kuichukua, chini ya ekseli ndiko kwenye amani. Na ikumbukwe inahitaji pa kushika. Hardtop ina bampa la chuma. Hilux mpya na Prado zina plastiki, hailifti humo ni pambo la juu ya gari.

Dereva_Mstaafu

Niongeze kwa hao wenye hailifti za pambo. Ikifungwa nje mwaka mzima inakula vumbi, pini zinaganda, na siku ya kazi haipandi au, mbaya zaidi, haishuki. Osha zile pini na springi zake kwa brashi na mafuta ya taa au dizeli mpaka matundu yaonekane chuma kitupu, ikauke, kisha dondoshea oili nyepesi. Grisi hapana, inashika mchanga na kugeuka msasa. Ifunike kichwa kwa kipande cha turubai au tyubu kuukuu. Vipuri vya kubeba ni pini mbili, springi zake na ile bolti ya kukatika ya kwenye mpini. Hiyo imewekwa ikatike jeki ikizidiwa, kwa hiyo msiibadilishe kwa bolti ngumu ya gereji.

Jambo lingine: hailifti inashuka hatua kwa hatua ikiwa na mzigo tu, walau kilo 68 hivi. Mzigo ukiwa mdogo kuliko huo inateleza moja kwa moja hadi chini. Msishangae, na vidole visiwe karibu.

Mama_Prado

Habari zenu. Sisi wenye Prado 150 na Hilux tusio na ekseli nzima ya mbele tunashika wapi? Fundi mmoja kasema chini ya difu ya mbele, mwingine kasema mkono wa chini wa sasipensheni.

Kabari_Mbili

Dada, difu ya mbele usiguse, wala sampo (bakuli la oili ya injini), wala steringi-raki. Fungua kitabu cha gari, kuna picha ya sehemu zilizoimarishwa kwa jeki, na kwa mbele fuata hiyo hiyo hata kama fundi anacheka.

Mkono wa chini karibu na bolijointi unafanya kazi na gurudumu linapanda haraka kwa sababu springi hainyooki. Shida yake ni kwamba mkono huo umeinama, na kadiri unavyopanda ndivyo mteremko wake unavyobadilika. Kichwa bapa cha jeki kinatambaa kuelekea nje. Bila kofia yenye mkato inayokaa vizuri, shika chesisi mahali palipoonyeshwa, ukubali kwamba utapampu zaidi.

Nyuma mna ekseli nzima. Weka jeki chini ya bomba, karibu na gurudumu, si chini ya bakuli la difu. Ukiweka kwenye bakuli unainua magurudumu mawili kwa nukta moja katikati, na gari linaweza kulala upande wowote linaotaka. Kabla ya kupampu pitisha mkono uhisi: paipu ya breki inapita juu ya lile bomba, na kwenye magari mengi kuna kijiti cha vali ya kupimia mzigo. Jeki ikiminya paipu hiyo hutajua mpaka utakapohitaji breki.

Mchanga_wa_Ruaha

Na kwenye mchanga wa mto? Ubao wa 40 kwa 40 nao unazama pembe moja.

Topejeusi

Hapo kuna mfuko wa moshi, na nashangaa haujatajwa. Ni mfuko wa turubai la mpira unaojazwa na moshi wa ekzosti. Unaulaza chini ya gari, unavalisha koni ya mpira kwenye bomba la moshi, injini ikinguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, na unapanda wenyewe hadi sm 70 au zaidi kutegemea ukubwa. Kitako chake ni kipana kuliko ubao wowote utakaobeba, hauzami.

Masharti yake: bomba la moshi liwe zima. Likiwa na tundu la kutu au kiungo kinachovuja, moshi unatokea huko na mfuko unabaki nusu. Gari lenye bomba mbili za moshi lazima uzibe moja. Juu ya mfuko tandika zulia nene au kipande cha mpira wa lori, kwa sababu bolti za chesisi, ncha za klipu na bomba la moshi lenyewe likiwa la moto vitautoboa. Na unayumba. Kwenye mteremko wa ubavuni usiutumie hata kidogo. Kabari hapa ni muhimu mara mbili, gari linaelea.

Injini inanguruma wakati huo, kwa hiyo ile habari ya kuweka gia ya kwanza haipo. Uko nyutro, umebaki na handibreki na kabari tu. Ukishajaza, zima injini, weka 4L na gia, ndipo watu wasogee.

Lakini kabla ya yote hayo: mchangani mara nyingi huhitaji kuinua. Punguza upepo hadi psi 18 au hata 15, chimba nyuma ya magurudumu yote manne, toa mchanga uliolalia difu, kisha jaribu kutoka taratibu ulikotokea.

Njia_ya_Vumbi

Nimewasoma wote. Swali dogo: hii jeki ya chupa tuliyonayo ofisini inapanda nusu halafu inasita, na ikibeba inashuka polepole. Ni ya kutupa?

Dereva_Mstaafu

Ni dalili mbili tofauti. Kusita nusu ya njia: mafuta yamepungua au kuna hewa. Ishushe kabisa, iwe wima, toa kizibo cha mpira ubavuni. Mafuta yafike usawa wa ukingo wa chini wa tundu hilo. Ongeza mafuta ya haidroliki mepesi, namba 22 au 32. Mafuta ya breki ni mwiko, yanavimbisha sili na jeki inakufa ndani ya muda mfupi. Kisha fungua vali ya kushushia mzunguko mmoja, pampu mara kumi hadi kumi na tano haraka ili hewa itoke, funga, jaribu. Usijaze mpaka pomoni, shina likirudi linahitaji nafasi.

Kushuka polepole ikiwa na mzigo: kuna uchafu kwenye kikalio cha vali, au sili imechoka. Fungua vali mizunguko miwili isiyozidi, pampu bila mzigo isafishe, ufunge kwa nguvu ya mkono na mpini wake tu. Ukiifungua mno, goroli dogo la ndani linadondoka kwenye vumbi na kazi imekwisha. Ikiendelea kushuka, badilisha sili au inunuliwe nyingine.

Ibebwe wima, shina likiwa limezama ndani. Ikilazwa inajaza hewa, na shina lililoachwa nje linapata kutu inayokuja kukata sili.

Fundi_Ekseli

Kwa ununuzi wako basi, Njia_ya_Vumbi: jeki ya chupa ya hatua mbili ya tani 4 au 6 yenye kofia ya V, jeki ya kiwandani ibaki garini, mbao mbili za 40 kwa 40, kabari nne, koleo. Hailifti ifuate pesa ikibaki, pamoja na mnyororo wa kufunga ekseli. Na hiyo ya ofisini usiipeleke porini mpaka ishikilie gari nusu saa ikiwa juu ya sakafu, stendi ikiwa kando yake, bila kushuka.

Mpangilio wa kazi wenyewe uwe hivi kila mara. Gari kwenye ardhi tambarare kadiri inavyowezekana, abiria nje, 4L na gia, hab LOCK, handibreki, kabari. Legeza nati nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Ukizilegeza juu ya jeki unalitikisa gari kwa mkono wa spana. Inua kidogo mpaka mzigo uanze kukaa, simama, angalia ubao na kichwa cha jeki, kisha endelea. Gurudumu likiondoka sm 2 au 3 panatosha. Spea ilaze chini ya chesisi kabla ya kutoa lenye pancha, na la pancha liingie hapo spea ikitoka: gari likianguka litaangukia rimu, na mwenye mguu chini yake atakuwa na sababu ya kushukuru. Kichwa na kifua havipiti chini ya gari wakati wowote, hata kuokota nati.

Kaza nati kwa mshazari, nusu nguvu juu, nguvu kamili gurudumu likishagusa ardhi. Simama tena baada ya km 50 ukaze upya.

Mama_Prado

Kukaza upya hata kwa rimu za aloi?

Kabari_Mbili

Hasa za aloi. Rangi na vumbi kati ya rimu na hab vinabonyea safari ikianza, nati inalegea kidogo bila kuzunguka. Futa uso wa hab kwa tambara kabla ya kuvalisha. Na nati za aloi zenye washa bapa msizichanganye na zile za chuma zenye mdomo wa koni. Kwa mfano Land Cruiser 200 aloi inakazwa Nm 131 na rimu ya chuma Nm 209, kwa sababu zinakaa tofauti. Ikiwa spea yako ni ya chuma na mengine ni aloi, angalia kwanza kama umepewa nati zake, ziko kwenye mfuko wa jeki.